Siku Nilipomfuta Binti Yangu kwa Rula

Mkasa huu nimekuwa nikiusimulia nusu kwa miaka mingi, kwa sababu ile nusu ya pili ndiyo yenye aibu, lakini leo nitaumaliza. Kwanza mjue mimi ni nani. Walisema sitaweza. Mzee Nzioka, mfanyabiashara wa mbuzi hapa Ikutha, aliwaambia watu sokoni kwamba mtoto wa mjane akivuka bahari kwenda kusoma atarudi na kiatu kimoja, na wengine wakaongeza kwamba hata hicho kitakuwa cha kuazima. Nilirudi kutoka India na jozi tatu za viatu, tai nne, na diploma ya kutunza kumbukumbu za ofisi, ya kwanza katika lokesheni yetu (na mpaka leo sijasikia ya pili). Nauli nilijitafutia mwenyewe, kwa kuchoma makaa na kubeba simiti kule Kambu. Nasema haya ili muelewe kwamba aliyeaibika siku ile hakuwa mjinga.

Binti yetu wa kwanza alipozaliwa, jina halikuwa na mjadala, maana kwetu Ukambani msichana wa kwanza ni wa mama ya baba yake. Mama yangu, ambaye namwita Mwaitu, ni Magdalena. Jina hilo alilipata kwa ubatizo akiwa tayari na watoto wanne, na alipoingia darasa la ngumbaru na mvi zake ndilo neno la kwanza alilojifunza kuandika, na kusema kweli ndilo la mwisho pia, maana alisema hilo linamtosha. Siku ya tatu akampakata mtoto, akamtazama usoni, akamwambia, "Magdalena, umenichelewesha." Nikaitikia kwamba ndiyo, huyo ni Magdalena.

Lakini kulikuwa na mke wangu, mwalimu wa darasa la kwanza, mzaliwa wa Kikima, mtu wa kulifikiria jambo mpaka mwisho wake.

"Baba Lena," akaniambia (mtoto ana siku tano na tayari mimi ni Baba Lena), "Magdalena ni mama mkwe wangu. Huyu mtoto atakula udongo. Atamwaga uji. Nisimame hapa uani nipige kelele, wewe Magdalena, toka kwa mavi ya kuku, na mama yako ako pale mlangoni anasikia?"

Nikacheka.

"Usicheke. Nitamkemeaje?"

"Sasa wataka aitwe nani?"

"Lena. Ni jina lilelile, limepunguzwa tu. Na liandikwe hivyo, lisiwe la kuitia kuku."

Nikasema ndiyo, ataandikwa Lena.

Basi hapo ndipo penyewe, ndiyo mbili fupi, moja chumbani na nyingine jikoni kwa Mwaitu, na hadi leo huwa najiuliza ni kitu gani kilinifunga mdomo nisiwaketishe wote wawili, maana hawakuwa wakigombana, hata chumvi walikuwa wakipeana. Badala yake nikafanya uchunguzi. Mtoto alipofikisha miezi mitano nilikuwa nikisimama kushoto kwake naita Magdalena, nazunguka kulia naita Lena, naandika kwenye daftari amegeukia lipi. Nilifanya hivyo wiki nzima. Aligeukia kijiko.

Kisha mvua ikakosa, mara moja, mara mbili, na serikali ikaleta yale mahindi ya njano. Kamati ya msaada ikataka karani wa kuandika watoto wadogo, na karani angekuwa nani kama si mimi. Nililetewa orodha mbili, moja ya mzee wa kijiji, aliyepita boma hadi boma akiwauliza akina nyanya, na nyingine ya kliniki, iliyoandikwa kwa kadi za akina mama. Kazi yangu ilikuwa kuziunganisha na kufuta waliotokea mara mbili. Niliwapanga kwa herufi, A mpaka Z, kitu ambacho hakikuwa kimeonekana Ikutha, nikapiga mistari kwa rula, na nilivyokuwa nimeyakazia macho mapambo ya herufi zangu, majina yenyewe yalinipita kama watu wa safari.

Siku ya kugawa nilivaa tai. Bwana DO, afisa wa tarafa, alikuwa amekaa kwenye kiti, magunia yamepangwa, watu wamejaa uwanjani mpaka kwenye uzio. Mimi nasoma jina, mzazi anaitika, anapimiwa kwa mkebe gorogoro mbili, anaweka kidole gumba kwenye karatasi. Nikafika L. Nikasoma Lena Muthama kwa sauti nzuri, mke wangu akaja na mtoto mgongoni, akapimiwa, akafunga mahindi kwenye leso. Nikaendelea na akina Loise na Lydia. Nikafika M.

"Magdalena Muthama."

"Niko," akasema Mwaitu, akasimama na kiondo chake. Alikuwa hajawahi kusikia jina hilo likisomwa kutoka kitabu cha serikali, na alitembea polepole ili lisikike vizuri.

Muthama hapa ni mmoja, ni mimi. Nikasikia sauti ya Mzee Nzioka.

"Karani, pacha ulizaa tukiwa wapi?"

Watu wakacheka, na hapo ningenyamaza ingeisha, lakini mtu wa diploma hanyamazi. Nikaanza kueleza kwamba katika utunzaji wa kumbukumbu kuna jina kamili na kuna jina la mkato.

"Kwa hivyo jina kamili linakula, na la mkato nalo linakula," akasema Mzee Nzioka. "Huyo mtoto ana tumbo ngapi?"

Bwana DO hakucheka. "Mtoto ni mmoja?"

"Ni mmoja, bwana."

"Basi futa jina moja, na mahindi yake yarudi kwa gunia. Wewe ndiye baba, wewe ndiye karani. Futa."

Nikashika kalamu. Nikifuta Lena, mke wangu angefungua leso mbele ya wazazi wa wanafunzi wake na kumwaga mahindi kama mwizi. Nikifuta Magdalena, Mwaitu angerudi nyumbani na kiondo kitupu, akijua mtoto hakuwa wake tangu mwanzo. Wote wawili walikuwa wakinitazama, na kila mmoja macho yake yalikuwa yakiniambia, si ulisema ndiyo.

Nikachukua rula, nikapiga mstari juu ya Lena, nikapiga mwingine juu ya Magdalena, nikanyoosha tai, nikasema, "Nyumba yangu haihitaji msaada." (Nyumbani tulikuwa na mbaazi za siku nne.)

"Alikuwa na wawili," akasema Mzee Nzioka, "sasa hana hata mmoja."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mke wangu akarudisha mahindi guniani, Mwaitu akakunja kiondo, wakaondoka pamoja bila kuniangalia. Kalamu nilinyang'anywa palepale akapewa Mama Wanza, aliyeishia darasa la saba, na alimaliza kabla ya saa sita bila kujali herufi yoyote.

Nilipofika nyumbani niliwakuta wakimenya mbaazi kwenye bakuli moja.

"Mama," mke wangu alikuwa akisema, "mimi niliogopa kukemea jina lako."

"Kwani mimi nikiwa mtoto sikula udongo?" akasema Mwaitu. "Kwa karatasi andikeni langu lote. Kwa mdomo mwite vile umezoea. Hata mimi nikiwa na haraka nitasema Lena, meno yamebaki machache."

"Sawa, mama."

Basi. Bakuli lilikuwa halijafika nusu. Mwaitu akaniinulia macho. "Muthama, kwani ulikuwa unatuchunga tusikutane?"

Hapo hata diploma haikunisaidia.

Mwezi ule tulikula kwa majirani. Huyu gorogoro, yule nusu, hata Mzee Nzioka alileta moja, akaiweka mlangoni akaenda zake. Ugawaji uliofuata nilipanga foleni juani bila tai, nikafika mbele ya Mama Wanza.

"Jina la mtoto?"

"Magdalena."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Mvua iliporudi tukavuna, nikabeba gunia mgongoni mwenyewe, nikapita nyumba kwa nyumba nikilipa kila aliyetukopesha, gorogoro kwa gorogoro, na njiani nikaapa kwamba sitawaambia tena ndiyo watu wawili wasioketi pamoja. Kwetu gunia halirudishwi tupu, kila nyumba iliniwekea kidogo, huyu kunde, huyu pojo, Mzee Nzioka kipande cha nyama, nikarudi jioni na mzigo. Mwaitu alikuwa mlangoni kwake, mke wangu jikoni.

"Hivyo ni vya nani?" akauliza Mwaitu.

Nikaona mke wangu amegeuka kusikiliza. Nikatembea mpaka katikati ya ua, pale ambapo wote wawili wangenisikia, nikatua gunia chini.

"Ni vya Magdalena," nikasema. "Tunayemwita Lena."