Laptop Iliyorudi kutoka Shighatini

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo natamani kujificha. Nakusimulia kwa sababu nawe sasa unauza simu na laptop zilizotumika, na nimekusikia mara kadhaa ukiwafokea watu kwenye simu. Usidhani mambo ya mtandaoni mmeyaanza ninyi. Mimi niliuza huko wewe ukiwa bado unatambaa.

Nilikuwa na meza yangu karibu na stendi ya Same, ubavuni mwa shangazi yangu Nakijwa aliyekuwa akipika makande ya kuuza. Nilinunua vifaa vilivyotumika, nikavisafisha, nikavipiga picha na kuviweka kwenye kundi la mauzo. Hivyo ndivyo nilivyouza laptop kwa mwalimu mmoja kijana wa Shighatini, huko juu Ugweno, jina lake Navoneiwa. Nilimwandikia kwamba ni nzima, haina tatizo lolote. Nikaipiga picha nikamtumia aone mzigo wake, nikaifungasha kwenye boksi, nikaipakia kwenye basi la Mwanga ili ipandishwe milimani.

Siku ya tatu akanipigia. "Kaka, nikiichomoa tu kwenye umeme inazima. Na huku kwetu umeme wenyewe unakatika kila mara. Naomba niirudishe."

Nilimwambia aitume, lakini moyoni nilishakasirika. Ilipofika nikaigeuza chini. Nilikuwa na kawaida yangu: kila kifaa nilichouza nilikiwekea tone la rangi nyekundu ya kucha kwenye skrubu moja, ili kikirudi nijue kama kimefunguliwa. Tone halikuwepo. Hapo hapo nikaamua kwamba mwalimu ameifungua, amechukua betri yangu nzima na kuniwekea mbovu. Sikumpigia kumwuliza. Nilikuwa na hasira na, nikwambie ukweli, nilikuwa na raha pia, ile raha ya mtu anayedhani amemkamata mwizi.

Wenzetu hututania Wapare kwamba tunapenda kesi kuliko chakula. Siku ile niliwapa sababu. Nilichukua picha yake kwenye ukurasa wake, nikaibandika kwenye kundi, nikaandika jina lake, shule anayofundisha, na maneno haya: "Jihadharini na mwalimu huyu mwizi." Watu wakamiminika. Wengine walitaka afukuzwe kazi, wengine walimtukania wazazi. Nilikaa pale nikisoma kila neno, makande aliyonipakulia shangazi yakapoa.

Kesho yake asubuhi akashuka mwenyewe. Macho yalikuwa mekundu, lakini alimsalimu shangazi kwanza, "Shikamoo mama," akaitikiwa, ndipo akanigeukia.

"Kaka, mwalimu mkuu amenisimamisha kufundisha mpaka jambo hili lieleweke. Bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Wakinitoa sasa, kazi sipati tena. Niambie mbele ya watu hawa, nimeiba nini?"

Watu wa stendi walikuwa wameshasogea. Nikainua laptop juu, nikawaonyesha skrubu, nikaeleza habari za tone langu kwa sauti kubwa utadhani niko mahakamani. Mwalimu hakubishana. Alitoa simu yake, akafungua picha niliyomtumia mwenyewe wakati wa kufungasha, laptop ikiwa imelala kifudifudi juu ya magazeti. Akaikuza kwa vidole mpaka skrubu zote zikaonekana.

"Nionyeshe tone lako hapa," alisema.

Halikuwepo. Ndipo nikakumbuka basi lilivyokuwa likipiga honi na mimi nikihangaika na boksi. Lile tone sikuliweka kabisa.

Shangazi akaweka upawa chini. "Eliamani, kabla hujamuuzia, uliichomoa kwenye umeme ukaona inakaa na chaji?"

Pale mezani waya ulikuwa umechomekwa asubuhi mpaka jioni. Sikuwahi kuichomoa hata mara moja.

Nikashika simu haraka nifute lile tangazo. Shangazi akanidaka mkono. "Ukifuta, waliosoma watajuaje? Kwao atabaki mwizi. Andika tena, weka picha yako wewe, useme ulichofanya. Halafu panda naye Shighatini ukamwambie mwalimu mkuu kwa mdomo wako. Mtoto wa kaka yangu hawezi kumharibia mtu kazi kwa uzembe wake mwenyewe."

Niliandika pale pale, mwalimu akisoma kila sentensi. Nikamrudishia hela yake, tukapanda gari kwenda Ugweno. Mwalimu mkuu alinisikiliza mbele ya walimu wote. Aliniuliza swali moja tu: kwa nini sikumpigia simu kwanza? Navoneiwa akarudi darasani siku hiyo hiyo, nami nikamshukuru Mungu nikidhani yamekwisha.

Hayakwisha. Lile tangazo la wizi watu walikuwa wameshalipeleka kwenye makundi mengine nisiyoyajua. La kuomba radhi walilisoma wachache, na wengi wao walikuja kunicheka tu. Miaka ikapita. Siku moja nikiwa harusini Kifaru, mshereheshaji akamtaja Mwalimu Navoneiwa miongoni mwa wageni, naye akasimama kupunga mkono. Mama mmoja kwenye meza yangu, asiyenijua, akamnong'oneza mwenzake: "Si ndiye yule aliyeiba laptop?"

Nikasimama. Nikasema kwa sauti, meza nzima ikisikia, "Hakuiba kitu. Niliyemzulia ni mimi." Nimeshasema hivyo mahali pengi, mwanangu, na kinachonikosesha amani ni kule kote anakotajwa mimi nikiwa sipo.

Kwa hiyo nakwambia bila kuzunguka. Kifaa kichomoe kwenye umeme, kitumie, kaa nacho kwanza kabla hujasema ni kizima. Kasoro unayoijua itaje. Kikirudi, kifungueni mkiwa pamoja, au mkionana kwenye simu, na umwulize mwenzio kabla hujaamua. Usimwambie mtu eti akishaondoka nacho basi hakikuhusu tena, hiyo ni lugha ya kukimbia. Mkishindwa kuelewana, tafuteni mtu mzima mmoja mnayemheshimu nyote, mkae chini. Lakini sura ya mtu na jina lake usivirushe huko nje ukiwa na hasira. Hela utairudisha hata kwa kukopa. Jina la yule mwalimu nimehangaika nalo miaka yote hii, na bado sijalirudisha lote.

Mungu akulinde na hasira yako mwenyewe, mwanangu. Akuletee wateja wakweli, na wewe akufanye mkweli kwao. Na siku utakapokosea, maana utakosea tu, akupe miguu ya kusimama mbele za watu useme ni wewe. Amina.