Karatasi Nilizoanika Juani

Mimi nina ulimi mkali, sifichi, na siku yule mkimbizi alipoingia maabara yetu pale Ujiji niliutumia wote. Nilikuwa mtunza maabara wa sekondari, funguo kiunoni. Yeye alikuwa mtu wa ng'ambo ya ziwa, shati moja, viatu vimepasuka, anasema alikuwa akifundisha kemia chuo kikuu. "Na mimi ni malkia," nikamwambia. Akacheka tu. Mkuu wa shule ndiye aliyemruhusu, basi nikamfungulia mlango.

Vyeti vyake vilizama na mzigo wakati wanavuka. Afisa aliyekuwa akiandikisha walimu wa shule za kambini hakumwamini, na simlaumu, maana miaka ile ya wakimbizi kila mtu alifika na maneno yake. Akampa nafasi moja: Alhamisi yeye afisa angekuja maabara, aonyeshwe jambo ambalo mtu asiyesoma kemia hawezi kulifanya. Likishindikana, jina la huyu bwana halitaandikwa kamwe.

Alhamisi hiyo mkimbizi wetu alifika mapema, akafunga mapazia yote. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya vumbi. Akachanganya dawa mbili za chuma, moja ya kijani, nyingine chembechembe nyekundu, za mwisho tulizokuwa nazo. Akapaka karatasi sita kwa brashi, zikawa za manjano. "Mama, zikauke kwanza," akasema, akatoka kwenda kumpokea afisa getini.

Jamani! Mimi nimezaliwa Kibirizi, ufukweni kwa wavuvi. Kwetu kitu kikilowa kinaanikwa juani, kama dagaa, huo ndio ustaarabu. Nikaona huyu bwana hajui kukausha kitu, gizani kutakauka lini? Nikazitoa zote sita nje, nikazitandaza kwenye saruji, na kwa kuwa upepo wa ziwa hauna adabu, nikazibana: hii kwa jiwe, ile kwa mkasi, moja kwa shada langu la funguo.

Niliporudi baada ya muda, manjano haikuwepo tena. Zimekuwa za rangi ya majivu, mbaya, kama zimeungua. Na nyuma yangu wamesimama wawili, yeye na afisa.

"Ee mama," mkimbizi akasema taratibu. "Umefanya nini?"

Haki ya Mungu, nilitamani saruji ipasuke. Dawa imekwisha, afisa ameshatazama saa, na mtu wa watu nimemmaliza kwa kimbelembele changu. Nikaanza kulia palepale. Yeye hakunigombeza. Aliinama, akainua shada la funguo kidogo, akachungulia chini yake. Kisha akasema, "Maji. Ya mvua, si ya ziwa. Ya ziwa yana magadi, yatakula rangi."

Nikakimbia na beseni. Akaitumbukiza ile karatasi mbele ya afisa. Weee! Majivu yakageuka buluu, buluu nzito kuliko ziwa lenyewe, na katikati funguo zangu zikabaki nyeupe, kila jino mahali pake. Hakuna aliyezichora. Afisa akanyakua shada la funguo, akaziweka moja moja juu ya picha. Zikalingana zote. Mwili ukanisisimka, mpaka leo nikisimulia unanisisimka.

"Nani kafanya hii?" afisa akauliza.

"Jua, mzee. Mahali lilipopiga, chuma kimebadilika. Chini ya funguo hakikuguswa, maji yamekiosha. Ndiyo maana nilifunga mapazia."

Akaanza kueleza masomo yake mwenyewe, nami nikasahau kulia. Alisema ile hewa inayowaua watu waliojifungia ndani na jiko la mkaa, chuma kinaweza kuishika, vikawa kitu kimoja, maji ya manjano yenye sumu ambayo hawezi kuyaleta shuleni. Mwanga ukiyapiga, chuma huachia sehemu ya ile hewa, pakabaki nafasi wazi. Kitu kingine kikija kikakaa hapo, hubadilika, huondoka, na chuma kikawa tayari kupokea kingine. Kazi ambayo sisi tungewasha moto kuifanya, mwanga unaifanya kimyakimya. Wenzake chuoni walikuwa wakitafuta namna ya kutengeneza dawa za hospitali hivyo, na hata mafuta. Mimi nilikuwa nimelitazama jua hilo maisha yangu yote nikijua linakausha dagaa na kuchoma migongo, basi. Nikaogopa, ile hofu ya mtu aliyeingia msikitini au kanisani.

Afisa naye alikuwa mdomo wazi. Yule bwana alipoona amesema mno akakatisha, akaomba radhi.

Afisa akavuta kiti, akafungua daftari lake. "Endelea, mwalimu," akasema.

Yule bwana akafuta mikono kwenye shati lake, akaanza upya. Tangu avuke ziwa, hakuna aliyekuwa amemwita mwalimu, hata mimi.