Leso Yangu na Mchele wa Harusi

Haya, sogeeni niwape aibu yangu mcheke, maana mimi nimeicheka peke yangu mpaka nimechoka. Nilijikojolea mbele ya wakwe! Mtu mzima, miaka ishirini hivi, na mtoto wangu wa kwanza amelala ndani.

Mkoloni bado yuko, na kijijini kwetu, juu ya Garsen kidogo, shemeji yangu anaoa, na mchele wa harusi tunautwanga sisi wake tulioolewa pale, watatu kinu kimoja, huyu akiinua mchi huyu anashusha, na ukiacha kabla kinu hakijaisha utaitwa mvivu mpaka uzeeke. Sasa mimi tangu nizae, nikiruka au nikitwanga kwa nguvu, mkojo unatoka wenyewe (si mwingi, lakini unatoka). Siku ile nimebanwa, nikasema moyoni, ah, kinu hiki kimoja tu, nikimaliza nitaenda.

Wifi yangu Halima, hajaolewa bado, kazi yake kupepeta na kuchokoza watu, akaanza: "Wifi, mbona unatwanga kama unabembeleza mtoto? Ama mchi umekushinda?"

Weee! Nikatwanga kwa hasira, pu, pu, pu, mara nasikia joto linashuka miguuni, leso chapachapa, mpaka chini. Hakuna aliyeona. Ningenyamaza ningepona, lakini nikajifanya mjanja, nikarudi nyuma nikaupiga kwa kisigino mtungi wa maji uliokuwa nyuma yangu, ili waseme nimelowa maji. Mtungi ukapinduka, maji yakapita palepale nilipokojoa, yakaenda moja kwa moja kwenye jamvi la mchele uliokwisha kupepetwa.

"Ni maji tu, utakauka!" wenzangu wanasema, wanauzoa. Mimi nimesimama kama mchi. Najisi hiyo, wajukuu zangu! Wageni wote wa Garsen niwalishe najisi?

Nikamgeukia mama mkwe aliyekuwa akisimamia kazi, nikasema, "Mama, si maji tu. Yamepita kwenye mkojo wangu."

Mama mkwe akaniangalia, akaangalia jamvi. "Basi uoshwe, uanikwe. Halima, wewe uliyemchokoza, nenda mtoni ulete maji." Halafu akaniinamia sikioni: "Mimi tangu nimzae mumeo nikipiga chafya nalowa. Unadhani kwa nini navaa leso mbili?"

Halima alienda mtoni mara nne, ananung'unika na mamba wanamsikia.

Tangu siku ile nikibanwa naweka mchi chini naenda, anayetaka kuniita mvivu aniite. Na Halima naye, alipozaa wa kwanza, alinivuta nyuma ya nyumba akaniuliza polepole: "Wifi, hizo leso mbili anazovaa mama zinafungwaje?"