Nilimpa Mtafiti Mila ya Uongo, Ikanirudia na Samaki Mkononi

Mwongo ni mimi. Nalisema hilo mapema, maana huko mbele mtataka kunihurumia na sistahili.

Mmekiona kile kitabu kipya cha chuo kikuu kuhusu mila za Kigoma, chenye picha ya ziwa kwenye jalada? Fungueni sura ya uchumba. Imeandikwa kwamba kijana wa ufukweni anayeoa milimani lazima awapelekee wakwe mgebuka mbichi, kwa miguu, amemshika mkononi bila kumfunika, na njiani haruhusiwi kumjibu mtu salamu. Akijibu tu, anarudi ziwani kuchukua samaki mwingine.

Hakuna kitu kama hicho! Niliitunga mimi, nimekaa kwenye kibanda cha chai kule Kalinzi milimani, nje mvua inanyesha.

Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Gungu. Mtafiti alikuja kutoka Dar es Salaam, mama mpole, mwalimu wa chuo kikuu, akawa anatafuta mtu wa kumzungusha na kumtafsiria Kiha. Nikajitosa. Kazi ilikuwa tamu, ila kila nilipomweleza mambo yetu ya kawaida aliitikia kwa adabu na kalamu haisogei. "Hiyo hata kwetu ipo," anasema. "Hakuna kitu cha hapa tu?"

Iliniuma, jamani. Yaani sisi wote tuliojaa huku tusiwe na kitu cha hapa tu? Ndipo nikamtoa mgebuka. Weee! Kalamu ilikimbia mpaka nikaogopa wino utaisha.

Kesho yake akataka kuthibitisha kwa wazee. Nikampeleka kwa mzee mmoja ambaye Kiswahili hakimpandi kabisa, nikamuuliza kwa Kiha habari za kahawa. Mzee akaeleza kwa uchungu jinsi mvua ilivyomharibia kahawa yake, mpaka akafuta machozi. Nikatafsiri: "Anasema mila hii inapotea, ndiyo maana analia." Mungu anisamehe! Mama wa watu naye machozi yakamlengalenga.

Kitabu kilipotoka nilikimbilia ukurasa wa shukrani, nikalikuta jina langu. Nikalitembeza kijiwe kizima. Ujinga huo ndio ulionimaliza.

Wakati huo nilikuwa na mchumba, nimwite Debora, binti wa Kalinzi. Baba yake ni mwalimu mstaafu, na kitabu chochote kikiitaja Kigoma lazima akitafute. Siku nilipokwenda na wazee wangu kuposa, tulimkuta amevaa miwani, kitabu kiko mezani, ndani kimejaa vikaratasi vya kumbukumbu.

"Karibuni sana," akasema. "Tumepotoka muda mrefu. Siku hizi watu wanaposa kwa simu na soda. Lakini tumebahatika, mkwe wetu ndiye aliyetuhifadhia mila. Haya baba, mgebuka unamleta lini?"

Nikisema ukweli, nani atampa mwongo binti yake? Nikinyamaza, natembea. Na Debora, ambaye nilishamweleza yote tukacheka wote, alisimama mlangoni ameuma pindo la kanga ili kicheko kisimtoke.

"Niokoe basi," nikamnong'oneza wakati wa kutoka.

"Mimi tena? Si wewe uliyeandikwa kitabuni? Nakupenda, ila tembea."

Basi alfajiri nikanunua mgebuka ufukweni Kibirizi, nikaanza safari. Mimi, mtu wa pikipiki! Kaka yake Debora alinifuata nyuma kama msimamizi, kuhakikisha sifungui mdomo. Wenzangu wa kijiweni wakanisindikiza kwa honi, wakinisalimia mmoja mmoja makusudi. "Vipi, msomi?" Kimya. "Shwari, msomi?" Kimya. Jua likapanda, samaki akaanza kujitangaza, na nzi wakaniona ndugu yao.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini nilipofika Mwandiga nikamwona mama mdogo.

Huyu ni mdogo wake mama yangu, na ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alikuwa anatoka sokoni na kapu la muhogo kichwani. Akasimama, uso umemchangamka, akanisalimia kwa Kiha. "Mwakeye, baba! Yewe, unaenda wapi na samaki juani?"

Nikatazama chini, nikapita. Hata shikamoo sikumpa! Alinisikitisha aliponiita mara ya pili kwa sauti ndogo, kama mtu anayejiuliza kama kweli ni mimi, na bado sikugeuka. Hata sasa ninapoandika naona aibu.

Nilifika Kalinzi mchana. Mwalimu, baba yake Debora, alimpokea samaki kwa mikono miwili huku amebana pumzi, vigelegele vikapigwa, posa ikakubaliwa. Sikusikia raha yoyote.

Mama mdogo akaacha kupokea simu zangu. Akatuma ujumbe kwamba harusini haji, kwa sababu asiyemjua barabarani hatamjua ukumbini. Sasa siku hiyo nani angekaa kwenye kiti cha mama yangu? Sina mwingine. Nilimwambia Debora kwamba bila mama mdogo sioi, na safari hii Debora hakucheka.

Mwalimu aliposikia akampelekea mama mdogo nakala ya kitabu ili aelewe. Nikaona nimepona! Nikaenda kwake nimejiandaa kusamehewa.

"Nimekisoma," akasema, hata kunikaribisha kiti hajanikaribisha. "Kizuri. Na jina lako nimeliona. Sasa nieleze. Mama yako alitoka Kalinzi, akaolewa na baba yako, mtu wa ziwani. Mimi nilikuwepo. Baba yako alileta mbuzi, tena alisalimia mpaka kuku. Huyo mgebuka alipita njia gani?"

Nikapiga magoti, nikamwaga yote, pamoja na kahawa ya yule mzee. Mabega yakaanza kumtikisika, nikajua na yeye nimemliza. Kumbe anacheka!

"Harusini nitakuja," akasema akijifuta macho. "Lakini utapanda tena, na mgebuka mkononi. Safari hii utamsalimia kila mtu mpaka Kalinzi, na ukifika utamwambia mwalimu ukweli. Unaanza na mimi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nenda kanunue samaki."

Nikapanda tena. Nilisalimia wauza karanga, watoto wa shule, mafundi baiskeli, nikauliza habari za nyumbani na za shamba mpaka sauti ikakauka. Jioni nikafika, nikamwambia mwalimu kila kitu, Debora amesimama palepale mlangoni na kanga yake mdomoni.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani. "Ati uliitunga? Kijana, kitabu hiki kimepitiwa na maprofesa. Wewe umezaliwa juzi, unajua nini?" Akamtazama yule samaki, akanitazama mimi. "Ila hii safari ya pili, ya kurudisha salamu, mbona haimo kitabuni? Ngoja nimpigie mtafiti."

Akampigia, mbele yangu! Nasikia toleo la pili liko njiani.

Kwa hiyo vijana wa ufukweni mnaotaka kuoa milimani, nawaomba radhi sana: sasa ni migebuka wawili. Na wewe msomaji, siku mtafiti akikuuliza usilolijua, sema hujui. Ni neno fupi, na halinuki.