Vitaa vitatu kwenye pindo la kanga yangu

Basi vile vitaa vitatu bado ninavyo, nimevifunga kwenye pindo la kanga, na mkwe wangu mpaka leo anajua ni macho yake yaliyokosea. Admin, ficha jina langu. Mimi ni bibi wa miaka sabini kasoro, niko Mbinga, shule sikwenda. Anayeniandikia ni jirani yangu fundi cherehani, tumekaa barazani kwangu, nimemwambia asipunguze neno.

Mjukuu wangu, tumwite Devota, nimemlea mimi tangu binti yangu alipofariki. Anafundisha watu mambo ya umeme mdogo mdogo kwenye simu. Watu asiowajua wakamchangia humohumo kwenye simu, na kila aliyechanga anatumiwa kisanduku cha kujifunzia: betri, nyaya, vitaa vidogo kama punje za mtama. Tunavipakia basi la Songea, huko vinaendelea na safari. Kazi tunaifanyia sebuleni kwangu, kwenye meza niliyonunua mwaka ule kahawa ilipokuwa kahawa kweli, siyo hii ya sasa inayopukutika kabla... haya, fundi, tuendelee.

Mwanzo nilikuwa nakagua mimi. Kahawa nimechambua tangu msichana, punje yenye rangi tofauti unatupa, huulizi. Sasa mle kuna vijiti vina mistari ya rangi. Nikaona vingi vina mwekundu, vichache vina wa njano, nikajua hivyo vichache ndivyo vibovu. Nikavitoa vyote, nikamwaga jalalani. Devota akacheka mpaka akakaa chini.

"Bibi, hizo rangi ndiyo namba zake! Kila kimoja kina kazi yake!"

Kucheka hakukuniuma. Kilichoniuma ni wiki iliyofuata, alipomleta bibi yake mzaa baba, huyo mkwe wangu, kutoka Mbamba Bay ndiye akague. Mimi nikapewa seloteipu, nifunge visanduku.

Mwanamke huyo mtoto alipougua surua hatukumwona! Leo kaja na gunia la dagaa na maneno laini. Anashika kitaa, anakigusisha kwenye betri, kikiwaka anacheka kama kimemwamkia. Akimaliza kisanduku anachora samaki kwenye karatasi ya ndani, maana naye kuandika hajui. Wanafunzi wakaanza kutuma sauti: "Mwalimu, mpe shikamoo bibi wa samaki!" Devota anafungulia sauti mpaka mwisho, wanacheka wawili. Na bibi wa seloteipu nani kamwamkia?

Ndipo nikafanya. Jumapili wamekwenda misa ya kwanza, mimi nikasingizia mgongo. Nikafungua visanduku vitatu vyenye samaki, nikatoa kitaa chekundu kimoja kimoja, nikafunga tena vizuri kabisa. Kufunga si ndiyo kazi yangu?

Malalamiko yakaja. Nikajua leo atafokewa. Wapi! Devota akamwambia taratibu, "Bibi, hapa tumeruka vitatu." Mwenzangu akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, akasema, "Macho yamechoka, mama. Jumamosi nirudishe ziwani kabla sijakuharibia jina." Devota akalia, akamkumbatia. Mimi nikiumwa mgongo haliagi hivyo! Nilitaka aondoke, sasa anaondoka, na bado anayeliliwa ni yeye.

Jumamosi yenyewe ni kesho. Begi lake liko mlangoni. Nikisema ukweli, Devota ataniona mchawi, na mkwe atakaa humu na samaki wake mpaka nife. Nikinyamaza, anashuka Mbamba Bay akijua amekuwa kipofu. Jana nimemkuta anajaribu kitaa kimoja mara nne, mara tano, haamini kama kinawaka. Na kilikuwa kinawaka, jamani. Mimi ninaona vizuri.

Wanangu mliojaa huko kwenye simu, mnaonaje? Nimwambie, nimrudishie vitaa vyake, au nimwache aende? Msinitukane, nimeshajitukana mwenyewe. Nishaurini, nifanye nini, ila semeni upesi, maana basi la kwanza...

Ngoja. Si yeye huyo ananiita?

"Mkwe! Njoo uniangalizie hiki, kimewaka au naota?"

Fundi, tuma hivyo hivyo, usiongeze kitu. Nishike mkono ninyanyuke. Nakuja, mkwe! Kimewaka, nakiona toka huku nje.