Jiko la Kukaushia Rangi

Nakumbuka siku ile ya masika, mwanangu, kama ninavyolikumbuka jina langu. Nilikuwa nakaa Temeke na bibi yangu, asiyeweza kunyanyuka kitandani bila kushikwa. Magari ya nje ndiyo yameanza kumiminika mjini, na mie, niliyeishia darasa la nne, nilikuwa nayaunda kwa mbao na bati, madogo ya kukaa kiganjani. Hakuna aliyeniweza. Sijisifu, waulize wa Temeke.

Kilichonitesa kilikuwa rangi. Ile ya mafuta ilikuwa nzito, inameza mpaka mistari ya milango. Nikatafuta ya gereji, ya kuchanganya na thina, nikaipuliza kwa bomba la dawa ya mbu. Ikatulia uzuri. Kumbe unyevu wa mvua umeiingia, lori langu jekundu likafunga ukungu mweupe. Na mwenye oda, Mzee Hilali wa duka la vipuri, analitaka kesho yake. Likimpendeza, ananipa kibaraza chake nifanyie kazi.

Nikafunga dirisha. Nikawasha jiko la mkaa uani, chini ya upenu, nikalibeba nikaikaushie rangi ndani.

Mlangoni nikamkuta jirani yetu Mzee Shomari, mpiga rangi wa magari, kaja kumjulia hali bibi. Akanusa.

"Simama hapo hapo," akasema polepole. "Thina umeifunika?"

"Bado. Shikamoo, mzee."

"Shikamoo baadaye. Bibi yuko wapi?"

"Kitandani."

"Basi rudi nyuma. Cheche moja tu kwenye mvuke huo wa thina, hatutapata wa kumzika."

Nikarudi kinyumenyume, mkaa unapasuka, cheche zinaruka, na bibi ananiita kutoka ndani, "Mume wangu, nasikia baridi, niletee hilo jiko." Nililimwaga mvuani nikachutama.

Mzee Shomari akafungua dirisha. "Ukungu huo dawa yake jua. Likitoka, puliza thina tupu, kidogo, kama unapoza chai."

Mzee Hilali alinuna, lakini akangoja. Jua lilipotoka nikafanya vile vile, na lori likang'aa hata akaziona ndevu zake. Kibaraza nilipata. Leo nina gereji yangu, na bado nikinusa thina natazama kwanza nani kalala jirani.

Mwanangu, rangi ikikataa kukauka, iache. Mwambie mwenye mali angoje, anune akitaka. Mungu akupe subira mikononi, na kila uliyemwacha kitandani umkute anakuita.