Mwenye Santuri Alikuja Jumapili

Najua wengine mtasema mwalimu huyu amezeeka, anaota. Semeni. Mimi nilikuwepo, mwanangu alikuwepo, na yaliyompata yapo mpaka leo, mnaweza kuja kuyaona.

Nilihamishiwa Tukuyu kufundisha sekondari, mtu wa Dodoma nisiyejua mvua isiyokoma. Tulipanga nyumba mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo Tukuyu, mimi, mke wangu Neema na binti yetu Tumaini, wa miaka minne. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yalianza kujaa redio kaseti mpya zenye vitaa vya rangi, na watu wakawa wanatupa vya zamani. Mimi nikawa naviokota. Nilikuwa mgonjwa wa sauti nzuri, sifichi.

Ndiyo maana niliposikia kuna mama mjane kule Kisiba anauza mashine ya santuri, nilikwenda siku hiyo hiyo. Niamini, sijawahi kuona kitu kama kile: amplifaya nzito ya vali, zile taa ndogo za kioo zinazowaka ndani kama makaa, na spika mbili za mbao zinazofika kiunoni. Marehemu mumewe, Ambokile, alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha chai. Kelele za mitambo zilimla masikio mpaka akawa kiziwi kabisa. Lakini kila Jumapili baada ya ibada aliweka santuri, akaketi na kiganja juu ya spika, akiutafuta muziki kwa mkono. Akafa hivyo hivyo, ameketi.

"Chukua, mwalimu," mama alisema. "Ila Jumapili mchana usipige. Hiyo ni saa yake."

Niliitikia ndiyo. Nani angebishana na mjane?

Wiki tatu nilikuwa mtu mwenye raha kuliko wote Tukuyu nzima. Nikitoka shule nawasha, nasubiri vali zipate moto, nashusha sindano taratibu. Besi ilikuwa nene, laini, na mwimbaji ungedhani amesimama katikati ya sebule. Unamsikia anavyovuta pumzi. Tumaini alicheza mbele ya spika mpaka anaanguka kwa kicheko. Sasa niambie: mvua inanyesha tangu Ijumaa, ukungu umefunika migomba, huna pa kwenda. Jumapili mchana ungefanya nini? Nikawasha.

Santuri haijafika nusu, hodi. Mzee mwenye koti la kazi la kijivu. Nikamkaribisha, mtu haachwi mvuani. Akaingia akinisalimu kwa Kinyakyusa, kwa sauti kubwa, kama wasiosikia wanavyoongea.

"Ugonile, tata! Mashine inanguruma!"

Ngurumo ndogo ilikuwepo kweli, ilikuwa imenisumbua siku nyingi. Kabla sijajibu, akang'oa vali moja, inawaka, kwa vidole vitupu, akaifuta kwenye koti, akairudisha. Mimi vali ile ile iliwahi kunibabua nikatoka lengelenge. Yeye hata hakukunja uso. Nikatazama koti lake: kavu. Na mvua ile!

Ngurumo ikakatika. Muziki ukabaki peke yake, safi. Mzee akaweka kiganja kwenye spika, akatikisa kichwa.

"Sipati kitu. Niazime sikio, mwalimu."

Nilidhani ni utani. "Chukua tu, mzee."

Akafumba macho, akatabasamu. Sikio langu la kushoto likazima ghafla, kimya kabisa. Niligeuka kumwita Neema. Nilipogeuka tena, kiti kilikuwa kitupu.

Hospitali walichungulia, hawakuona tatizo. Neema akaniambia, "Baba Tumaini, rudisha hicho kitu kwa wenyewe." Nikasema nitarudisha. Sikurudisha. Unajua kwa nini? Kwa sababu ngurumo ilikuwa imekwisha. Mashine haijawahi kulia vizuri vile. Hata kwa sikio moja niliitaka.

Jumapili iliyofuata niliapa sitaiwasha, na sikuiwasha. Nilikuwa uani namsaidia Neema kuingiza kuni zisilowe, nikasikia muziki sebuleni. Nikakimbia. Mzee alikuwa amechuchumaa mbele ya mwanangu, mkono mmoja kwenye spika. Alimwomba kwa upole, kama babu anayeomba kipande cha muhindi.

"Na wewe, mjukuu wangu, utaniazima?"

Tumaini hakuwa mchoyo. Sisi wenyewe tulimfundisha, mgeni akiomba, mpe. Akacheka. "Chukua yote, babu."

Nikang'oa waya ukutani. Sebule ikanyamaza, mzee hayupo. Nikamwita mwanangu. Nikamwita tena. Alikuwa ananitazama mdomo, bado anatabasamu, hajui.

Kesho yake nilipakia mashine kwenye pikapu ya jirani, nikaenda Kisiba. Mama mjane aliponiona tu akauliza, "Amekuomba?"

"Amemwomba mtoto."

Akakaa chini kwenye tope, akajifunika uso kwa kanga. "Mimi alinichukulia moja," alisema. "Nikadhani kwa mgeni hatafika. Nisamehe, mwalimu."

Tuliivunja kwa shoka, yeye na mimi, mbao tukazichoma pale pale uani. Halikurudi sikio langu, wala hayakurudi ya mwanangu.

Tumaini sasa ni mtu mzima, mshonaji, ana cherehani yake Mbeya. Akija nyumbani, Neema akitaka kumwita hupiga mguu sakafuni ili mtetemo umfikie. Miaka yote hii Neema hajanilaumu hata kwa neno moja. Anapiga mguu tu, na mimi nainamisha kichwa.

Kwa hiyo ukiuziwa kitu cha marehemu ukapewa sharti, lishike, au kiache hapo hapo kwa wenyewe. Na ukishaonywa mara moja, usingoje ya pili. Mimi nilikuwa na wiki nzima ya kukirudisha. Wiki nzima, ndugu yangu, na mwenye pikapu alikuwa anakaa mlango wa pili.